Icilda Merlene Bromfield, Muuguzi wa Mkanda wa Kijani (1942–2024)

Marehemu Icilda Merlene Bromfield alizaliwa tarehe 9 Machi 1942 huko Christiana, Jamaika, mtoto wa nne wa Mzee Hubert Coley, mkulima wa tangawizi na viazi, na mkewe Bi. Lurline. Mkunga aliyempokea alisimulia kwamba mtoto hakulia mara moja. Alifumbua macho kwanza, akawakagua watu waliokuwa chumbani mmoja mmoja, kama anayetaka kujua nani kamwalika nani. Huenda mkunga alitia chumvi, lakini waliomfahamu Icilda hawakuwahi kubisha.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Christiana mwaka 1949. Kila tarehe 24 Mei, Siku ya Himaya, watoto walipewa andazi na kibendera, wakapangwa juani kumwimbia Mfalme aliyekuwa ng'ambo ya bahari. Icilda aliimba, akala andazi lake, kisha akamwuliza mwalimu, "Tukimwimbia huku, yeye kule anasikia?" Alichapwa rula. Jioni baba yake akamwuliza kama amekoma. "Nimekoma kuuliza kwa sauti," akajibu. Hata hilo hakulitimiza.

Oktoba 1960 alipanda meli kuja Uingereza, maana matangazo yalisema Nchi Mama inahitaji wauguzi. Alifika Wolverhampton na koti jembamba na hamu kubwa ya kazi. Hapo akafanya kosa lililofanywa na wasichana wengi wa visiwani wakati ule: aliamini kwamba muuguzi ni muuguzi. Bibi mmoja wa ofisini, mwenye tabasamu zuri, aliwaambia kuna mafunzo ya miaka mitatu na ya miaka miwili. "Haya mafupi yatawafaa zaidi nyinyi," akasema. Wakatia saini, wakashukuru. Hakuna aliyewaambia kwamba mafunzo mafupi yalitoa cheti cha chini na mkanda wa kijani wa kiunoni, na kwamba mvaaji wa mkanda wa kijani hapandi kuwa mkuu wa wodi hata atumikie mpaka azeeke. Wala hawakuambiwa kwamba kwao Jamaika cheti hicho hakitambuliwi, kwa hiyo hata kurudi nyumbani kufanya kazi kusingewezekana. Wasichana wa Kizungu waliofika wiki ile ile walielekezwa dirisha la pili, la miaka mitatu. Kwa miaka yote iliyofuata Icilda alikuwa akisema, "Ningelisikia vizuri lile 'nyinyi', ningeuliza."

Tarehe 17 Aprili 1965 alifunga ndoa na Egbert Bromfield, mfua vyuma katika kiwanda cha kuyeyushia chuma na bingwa wa domino wa mtaa wa Whitmore Reans. Walijaliwa watoto wawili, Dawnette na Carlton. Egbert alikuwa mtu wa imani nyepesi. Alitundika picha ya Malkia katika sebule ya wageni, juu ya kabati la vioo, mahali ambapo watoto hawakuruhusiwa hata kuegemea. Icilda aliifuta vumbi kila Jumamosi bila neno. Mume ni mume, na ukuta ulikuwa wa wote wawili.

Kisha ikaja Juni 1977. Hospitali aliyofanya kazi ilijenga wodi mpya, na mgeni wa ukoo wa kifalme akaalikwa kuifungua. Icilda na wenzake wa mkanda wa kijani waliisugua wodi hiyo wiki nzima. Asubuhi ya ugeni walikuta zamu zimebadilishwa: wote weusi wamepelekwa chumba cha kufulia kukunja mashuka, na wauguzi wa Kizungu kutoka jengo jingine wamesimamishwa kando ya vitanda, wakitabasamu mbele ya wapiga picha. Mgeni alipomfikia Mzee Thwaite, mgonjwa wa mguu, akamwuliza kama anatunzwa vizuri.

"Kutunzwa na hawa?" akasema mzee. "Hawa siwajui, mheshimiwa. Wa kwangu wamefichwa kwenye mashuka."

Mgeni alicheka kwa adabu, akasogea kitanda cha pili. Jioni ile Icilda aliishusha picha ya Malkia sebuleni, akaitundika kwenye ujia, katikati ya ndoano za makoti. Egbert aliporudi akashtuka.

"Cilda! Umemweka Malkia kwenye makoti ya mvua?"

"Hapo ataona watu wakiingia na kutoka. Huenda siku moja akatutambua."

Egbert alicheka mpaka akakaa chini, na picha ikabaki hapo hapo hata baada ya yeye kufariki mwaka 1998. Icilda alistaafu mwaka 2002. Wasichana aliowafundisha kupiga sindano walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa wake, na baadhi yao wamo kanisani humu leo. Yeye alitoka na mkanda ule ule aliouvaa mwaka 1962. Mara mbili aliomba kusomea ule wa miaka mitatu, na mara mbili aliambiwa asubiri, wodi ina upungufu wa watu.

Mwaka 2022 maumivu ya ubavu yalimwanza. Mara mbili alirudishwa nyumbani na dawa za kutuliza, akaambiwa ni uzee. Mara ya tatu Dawnette alimsindikiza, akiwa amevaa suti yake ya kazini, na siku hiyo ndipo walipompima wakaona uvimbe kwenye figo. Hatusemi kwamba wangemwahi. Tunasema hawakutazama mpaka suti ilipoingia.

Akiwa katika matibabu, vuli ya 2023, ilikuja habari kwamba amependekezwa kupewa nishani ya Himaya ya Uingereza kwa jina la Mfalme, kwa utumishi wake. Dawnette alilia kwa furaha, na siku ile ile akamnunulia mama yake kofia mpya ya rangi ya zambarau. Dawnette amezaliwa hapa, na maisha yake yote ameulizwa anatoka wapi. Alitaka nchi hii imtambue mama yake mara moja tu, ili naye ajue yuko kwao.

"Mama, ni heshima hii. Pokea."

"Heshima ya nani?"

"Yako!"

"Mbona basi ina jina la himaya yao? Dawnette, mtu akikuletea zawadi baada ya miaka sitini, tazama kwanza mkono wake wa pili umeshika nini."

"Mama, kwa nini huwezi kufurahi hata siku moja?"

"Waseme neno moja. Waseme, 'Kwenye ile mikanda tuliwadanganya.' Wakisema hivyo nitakwenda hata kwa kiti cha magurudumu, na hiyo kofia yako juu."

Akawaandikia hivyo, na jibu likaja kwa lugha laini: nishani si mahali pa kujadili ya kale. Icilda akaikataa. Dawnette alikasirika, na hajaficha. Kwa wiki kadhaa alikuwa akimwogesha mama yake, akimlisha, akimpaka mafuta, bila kumsemesha zaidi ya lazima. Walipatana siku ya Krismasi, juu ya sahani ya wali wa maharage, bila mmoja kumwomba mwenzake radhi.

Icilda alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 2 Februari 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa Dawnette.

Siku ya tisa, ndugu na majirani wakiwa wamejaa nyumbani, samaki wakikaangwa na meza za domino zikigongwa kama ada yetu ilivyo, simu ya Dawnette ililia. Alikuwa bwana mmoja kutoka ofisi zinazoshughulikia mambo ya Kasri. Alitoa pole, akaomba kuja mazishini na shada la maua, akae mstari wa mbele, aseme maneno machache. Dawnette aliufunika mdomo kwa kiganja. Tulimwona uso ukimng'aa, jambo aliloling'ang'ania hatimaye limemjia lenyewe. Kisha akauliza:

"Utakuja peke yako, bwana?"

"Na mpiga picha wetu mmoja tu, madam."

"Na hayo maneno machache, yatataja mikanda?"

"Tungependa tubaki kwenye mazuri, madam."

"Basi karibu. Mlango wa kanisa haufungwi. Picha uache, na mstari wa mbele una wenyewe."

Bwana akasema itabidi awaulize wakubwa wake. Dawnette akaiweka simu mezani, akatutazama. "Yesu wangu," akasema, "nimeshakuwa yeye." Akacheka, kisha akalia mbele yetu wote, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Marehemu ameacha watoto wawili, Dawnette na Carlton, wajukuu watano, kitukuu mmoja, dada yake Enid aliyeko Christiana, na wauguzi wenzake wa mkanda wa kijani walio hai, Mavis Dacres, Perlina Stewart na Una Lindo, ambao ndio wamekaa mstari wa mbele leo. Atazikwa makaburi ya Merridale, na hatutaondoka mpaka sisi wenyewe tumefukia udongo wote.

Hadi tunaipeleka karatasi hii kwa mchapaji, yule bwana hajapiga tena. Akija, kiti chake kipo nyuma, karibu na mlango.

Lala, Icilda, upumzike kwa amani. Zamu ya kuuliza ni yetu sasa.