Kaka Yetu Bomoa, Mtunza Njia za Mlimani

Ninyi nyote mliopanda kilima hiki kutusaidia kumzika kaka yangu, nawaomba mkae, na mliokosa viti mwegemee ukuta, kwa sababu mengi nitakayoyasoma mnayajua, lakini ipo sehemu moja ambayo familia ilibishana sana juu yake, na imebaki humu kwa sababu binti yake alitaka isomwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika chumba cha nyuma cha karakana ya viatu alikofanya kazi baba yetu, kwenye barabara inayopanda hadi lango la hifadhi, akiwa wa kwanza kati yetu watatu, akifuatiwa na dada yetu, kisha mimi niliyesimama hapa.

Alianza shule ya msingi ya hapa mjini mwaka 1960 na kumaliza mwaka 1967, na tusimpambe leo kwa kuwa amelala mbele yetu, hakuwa mwanafunzi hodari, dirisha la darasa lake lilitazama miamba, na mwalimu wa hesabu alizoea kusema kwamba mtoto huyu ameniachia mwili hapa, mwenyewe ameshapanda.

Tarehe 1 Juni 1972 aliajiriwa na hifadhi kama mchukuzi wa mizigo, miaka mitatu baadaye akawa mtunza njia, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2013. Kwa ambao hamjawahi kufika huko, njia huanzia kwenye msitu wa misonobari, huvuka daraja la mbao, hupita kwenye nyasi ambazo maua yake hufunguka wiki chache tu kwa mwaka, hufika kwenye ziwa dogo la maji ya kijani, na baada ya ziwa hakuna tena udongo wa kushika nyayo, ni mwamba na changarawe hadi chini ya barafu, hivyo njia huonyeshwa kwa marundo ya mawe, moja hadi jingine, na ukungu ukishuka, mtembeaji hana kingine cha kumrudisha nyumbani ila rundo lililo mbele yake. Wageni nao hupenda kujijengea marundo yao, ya kupigia picha, ya kuombea mapenzi, ya kupotezea muda wakisubiri wenzao, na kaka alikuwa akiyabomoa yote, maana rundo lisilo njiani humpeleka mtu korongoni, ndiyo sababu mji mzima ulimwita Bomoa. Mgeni mmoja aliwahi kumfokea, babu wewe huna moyo, hili nimemjengea mchumba wangu, naye akamjibu kwamba mchumba atafurahi zaidi ukirudi mzima, kisha akalipiga teke.

Tarehe 20 Agosti 1981 alimwoa shemeji yangu, aliyekuwa mpishi wa kibanda cha wapandaji upande wa pili wa ziwa, ambako kaka alipita hata siku ambazo kazi haikumpeleka, akidai anakagua paa, na shemeji ametuambia miaka yote hii kwamba paa lile lilikaguliwa kuliko paa la ikulu. Mwaka 1994 kibanda kilifukiwa na maporomoko, hakuna aliyeumia, lakini njia yake ilifungwa, na aliyetumwa kubomoa marundo ya njia ile alikuwa kaka mwenyewe, akayabomoa hadi la mwisho, akarudi nyumbani akakaa jikoni hadi giza likaingia, bila kuvua buti.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1986, ambaye alimfuata baba yake mlimani tangu akiwa mdogo, akafundishwa kujenga rundo, jiwe pana chini, mengine yakae kwa uzito wao, na juu kabisa jiwe bapa lililoinamishwa kidogo ili maji yateremke, akafundishwa pia sheria mbili, kwamba ukiona rundo usilolijua, bomoa kwanza uulize baadaye, na kwamba usipoliona rundo linalofuata, rudi nyuma. Alipoajiriwa na hifadhi mwaka 2010 hakuna aliyenong'ona kwamba kabebwa, maana alikuwa mkali kuliko mzee.

Mwaka 2019 kaka alianza kusahau, kwanza majina, kisha birika kwenye moto, kisha akaanza kumwita mkewe dada mpishi na kumwuliza kama kibandani kumebaki chai, na daktari alitwambia wazi kwamba ugonjwa huo hauna tiba. Shemeji aliweka komeo juu ya mlango, akaficha buti uvunguni, akamshonea anwani ya nyumbani ndani ya kola ya shati, na asije mtu leo akamwuliza kwa nini hakumwangalia vizuri, alimwangalia hadi akakonda, akimlisha mume ambaye alimshukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba.

Asubuhi ya tarehe 4 Oktoba mwaka huu, shemeji akiwa anaoga, kaka alitoka. Tulimtafuta sokoni, kituo cha basi, kwa jirani yetu fundi saa, tukazunguka mjini siku nzima, kwa sababu hatukuamini kwamba miguu ile bado ingeweza kuvuka hata daraja. Siku hiyo binti yake alikuwa akishuka kutoka kibanda cha juu, nyuma ya miamba ambako redio za mkononi hazishiki, na hakuna aliyeweza kumfikishia habari. Karibu na ziwa aliona marundo mapya yakiacha njia na kuelekea upande uliofungwa, akadhani ni kazi ya wageni, akaanza kuyabomoa moja moja, na ametaka mjue kwamba aliliona jiwe la juu limeinamishwa vizuri, akatabasamu, akasema moyoni, huyu mgeni ana mkono, kisha akalipiga teke. Aliendelea hadi ukungu ukashuka, hakuliona rundo linalofuata, akarudi nyuma kama alivyofundishwa, na alipofika redio inaposhika ndipo akasikia kwamba baba haonekani.

Watafutaji walipanda jioni ileile, yeye akiwa mbele, wakitafuta alama ambazo hazikuwepo tena, mawe kati ya mawe, na ukungu haukuondoka. Alipatikana tarehe 7, kwenye kifusi cha kibanda cha zamani, amekaa, ameegemea jiwe, kando yake rundo moja ambalo halijaguswa. Daktari hakutuficha, kaka alikufa kwa baridi alfajiri ya tarehe 5, maana yake binti alipogeuka pale kwenye ukungu, baba yake alikuwa hai, akiwa ameacha alama za kutosha kumfikisha mtu hadi alipo.

Dada yetu alitaka tuandike kwamba aliteleza. Binti akamwambia, shangazi, mkisema aliteleza mtanizika naye. Kwa hiyo tumeandika. Sina hukumu ya kutoa, najua tu kwamba marundo yale yangebaki, na mgeni akayafuata ukunguni, leo tungekuwa tunamzika mgeni, na najua pia kwamba maneno haya hayamsaidii, nimemwambia zaidi ya mara moja, akaniangalia kama mtu anayesikiliza mvua.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, tunamshukuru fundi saa aliyefunga duka akaja kutafuta na viatu vyake vya mjini, tunawashukuru watafutaji, na wafanyakazi wenza wa marehemu waliomteremsha kwa mabega yao. Mkuu wa hifadhi ameomba kujenga rundo kubwa la kumbukumbu pale alipopatikana, tunamshukuru, na tunakataa, kwa sababu hapo si njiani, na kaka angelipiga teke.

Lakini lile la kwake bado limesimama, siku isiyo na ukungu linaonekana kutoka ziwani, ipo siku mtu atalifuata, na hakuna kati ya wenzake aliyethubutu kuligusa. Binti alikuwa amerudisha buti na redio ofisini. Leo asubuhi, kabla hatujafunga jeneza, ameuliza buti zake ziko wapi. Hatujui anataka kupanda akalibomoe, au akakae kando yake, na mama yake, ambaye hana mtoto mwingine, amenishika mkono tangu asubuhi akitaka niwaambie jambo hili moja, ninyi mnaofanya naye kazi, mpeni buti zake, ila asipande peke yake, mfuateni hata akiwafukuza, hata akiwatukana, na ukungu ukishuka mshikeni nguo.

Kaka, umefika kibandani, sasa kaa. Pumzika kwa amani ambayo sisi tuliobaki bado hatujaiona.