Athol Burdett na Mnyororo Uliokwama

Tarehe thelathini Juni, baridi ikiwa imelikaza bonde lote la Huon, Athol Burdett anaondoka kwenye kitalu chetu cha miti baada ya miaka thelathini na mitatu. Alikuja kijana wa nywele nyekundu, anatoka na upara na magoti mabovu.

Mazuri yake yapo. Huimbia miche kwa sauti mbaya, nayo haina miguu ya kukimbia. Pai yake ya nyama huipasha juu ya sanduku la joto la kuoteshea mbegu. Asubuhi wote hulalamika inanuka, mchana wote huomba kipande. Mto ulipofurika alibeba trei za miche kifuani, maji yakiwa kiunoni, akarudi nyumbani peku. Gwenda, mkewe, akamsuta: "Miti umeiokoa, baba. Na viatu je?"

Kazi yake ilikuwa taa za kukuzia miche, zinazoning'inia kwa minyororo juu ya meza. Zile za zamani zilichoma kama jiko, na kipimo chake kilikuwa mgongo wa mkono. Aliuweka juu ya majani: ukiungua, anavuta mnyororo taa ipande, asipohisi joto, anaishusha. Mkono ule haukuwahi kumwangusha, na sisi sote tuliuiga.

Kisha mlima ukaungua. Radi kavu ilipiga, moto ukapanda hadi kwenye misonobari ya kileleni, miti iliyokuwapo kabla ya mababu wa mababu, ambayo ikiungua haichipui tena. Mbegu zake nazo ni za bahati. Miaka hupita mti usitoe hata moja. Watu waliokota konzi chache chini ya miti iliyonusurika, na Roslyn, msimamizi wetu, akamkabidhi Athol. Zilizoota zilienea meza moja tu.

Majira yaleyale zikaletwa taa mpya za LED. Athol akaweka mkono. Hakuhisi kitu.

"Taa gani hii? Imepoa kama busu la mama mkwe!"

Tukacheka. Akashusha taa mpaka ikabaki shubiri moja juu ya miche. Ncha zikaanza kupauka. Akadhani miche inaona baridi, akashusha zaidi. Ikawa nyeupe, akashusha tena. Hakuna aliyemzuia, maana sote tuliweka mikono yetu na sote tukaona baridi. Taa hizi mwanga wake ni mkali bila joto. Mkono haujui, jani ndilo linalojua.

Trei zikafa moja baada ya nyingine. Ikabaki ya pembeni, ambako mnyororo ulikuwa umeshika kutu na kukwama, taa ikaning'inia juu, dhiraa nzima. Athol alikuwa ameutukana mnyororo ule kila alipoupita. Chini yake miche ilikuwa ya kijani.

Aliitazama, akautazama mnyororo. Akavua aproni, akaweka funguo mezani.

"Nimeiua kwa mkono wangu."

"Ndiyo, umeiua," akajibiwa na bibi anayeosha trei. "Na hii iliyobaki unamwachia nani? Mimi? Chukua funguo zako, jinga kubwa wewe, ukalie ndoo ile uitazame."

"Mama, siuamini tena mkono huu."

"Utie mfukoni. Tumia macho."

Akarudisha funguo mfukoni, akakaa. Tangu hapo alisikiliza majani tu. Shingo ya mche ikirefuka na kulegea, taa iko mbali, unatafuta mwanga. Ncha zikipauka, iko karibu. Alisogeza pete moja ya mnyororo, akasubiri, akatazama tena. Kila mgeni wa kazi alimfundisha akianzia na kosa lake, bila kujipamba: "Mimi ndiye niliyeuchoma mlima mara ya pili. Haya, shika taa."

Miche ile ilipandwa mlimani, kwenye majivu. Kiangazi cha ukame kikachukua mingine, wanyama wakatafuna mingine. Iliyobaki inafika kifundo cha mguu, na hakuna ajuaye kama itaishi. Gwenda alitaka sana kuiona, lakini ametangulia mbele ya haki. Sisi nasi tutakuwa udongo kabla haijampa mtu kivuli. Athol anastaafu bila kupata jibu, na hatutamdanganya siku ya sherehe yake kwa sababu tu kuna keki.

Athol, tunakushukuru kwa miaka yote, lakini zaidi kwa siku ile uliyorudisha funguo mfukoni. Ungeondoka, hata hicho kijani kidogo kisingekuwapo. Kiangazi kikija tutakupandisha mlimani ukaitazame miche yako. Magoti yakigoma tutakubeba, ila usiimbe. Nenda kapumzike, baba, ule vizuri, uote jua, na uzee ukukalie kwa upole.

Roslyn alitaka ule mnyororo upakwe mafuta kabla hujaondoka. Tumemkatalia.