Alipima Mlima Kutoka Kaburini kwa Baba

Baba Padri, wazee wetu, wafanyakazi wenzake kutoka Mtumba, majirani wa hapa Zuzu na ndugu mliosafiri kutoka Chemba, naitwa Dorothea, ndimi ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, familia imenituma niwasomee maisha yake, na imeniruhusu nisome yote, hata yale ambayo wengine wangependa yazikwe leo pamoja naye.

Kaka yetu Wilbert William alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 katika kitongoji cha Ilongo, Kwa Mtoro, wakati huo bado tukiwa wilaya ya Kondoa, kabla ya kuwa Chemba, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee William na mama Loisi, ambao wote wametangulia. Alianza shule ya msingi mwaka 1992 akijua Kisandawe tu, Kiswahili akakiokota humo humo darasani kwa kuchekwa na kucheka, akaendelea na sekondari Kondoa mjini, na mwaka 2009 akahitimu shahada ya upimaji ardhi jijini Dar es Salaam.

Mwaka 2010 aliajiriwa na serikali hapa Dodoma, na tarehe 26 Oktoba 2013 alifunga ndoa na Violeth, wakajaliwa Cecilia mwaka 2015 na Raphael mwaka 2018. Alikuwa mtu wa utani, ila kwenye kazi yake hakutaka mzaha, na wanaomfahamu wanajua alivyoweza kurudi kilomita nyingi kupima upya jambo aliloshuku.

Kabla ya ndoa, Agosti 2012, baba yetu alifariki, Wilbert akiwa mafunzoni India, alikojifunza kupima miteremko kwa leza, hakuwahi mazishi, yakasimamiwa na baba yetu mdogo Damiani, ambaye yuko nasi hapa. Baba alikuwa ameusia azikwe kwenye mwamba ulio ubavuni mwa mlima wa Ilongo, sisi wanawake tulifika kaburi likiwa limeshachimbwa, na sote tuliambiwa kwamba usia umetimizwa.

Mwaka 2020 mlima wa Ilongo ulipoanza kupasuka nyufa, Wilbert aliomba kibali cha ofisi yake awe anakuja kuupima, kwa mashine ile ya miguu mitatu inayotupa miale mlima mzima, kisha kompyuta ikalinganisha umbo la leo na la mwaka uliopita na kuonyesha udongo uliosogea hata upana wa kidole. Mama zetu wa Ilongo walidhani wanapigwa picha, wakawa wanavaa kanga mpya kila akifika, naye hakuwakatalia, aliwapanga mstari kwanza ndipo akaanza kazi. Lakini kazi hiyo haiwezekani bila alama zilizofungwa mahali pasipotembea, kwa hiyo aliwaita wazee, akawaeleza kwa Kisandawe kwamba alama zikikaa kwenye udongo unaotembea, mlima utaonekana umetulia kumbe vyote vinashuka pamoja, akauliza ni wapi penye mwamba. Baba mdogo alisimama, akaapa kwamba kaburi la baba limechimbwa ndani ya mwamba, na Wilbert, kwa sababu aliyeapa ni baba yake, akafunga vibao vyake vya alama juu ya saruji ya kaburi lile.

Miaka yote iliyofuata vipimo vilisema mlima umetulia, naye akawaambia ninyi wa Ilongo mkae mlime. Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2024, baada ya mvua kubwa, alipanda kupima tena, akasimama kando ya kaburi, mahali alipopaamini kuliko pote, na mlima ukashuka naye. Watu wa chini walikimbia wakapona, ila nyumba na mifugo vilikwenda, na baadhi yenu mlisema, na hadi jana msibani mmesema, kwamba Wilbert aliwadanganya.

Wilbert akiwa amelazwa hospitali hapa Dodoma na majeraha yake, mwenzake wa kazini Ikram alipima upya kutokea mlima wa pili, akalinganisha na vipimo vya zamani, akakuta kaburi la baba lilikuwa limeshateremka zaidi ya mita moja tangu vibao vifungwe, hata kabla ya siku ile. Wilbert alimwita baba mdogo kitandani, Violeth na mimi tukiwepo, akamwuliza kwa upole na heshima zote, na baba mdogo akasema kwamba mwamba uliwashinda wachimbaji, wakasogea kwenye udongo laini, na alipoulizwa mbele ya wazee aliona aibu kujulikana kwamba hakutimiza usia wa kaka yake. Wilbert aligeukia ukutani, na tarehe 4 Februari, akiwa na miaka thelathini na tisa, alifariki kwa majeraha ya ndani. Mimi nina uchungu, na sitauficha, kwa sababu aibu ya mtu mmoja mliipa jina la ndugu yangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Zuzu mliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa Ikram, aliyetupatia ukweli.

Kwa desturi yetu udongo wa kwanza hutupwa na anayesimama badala ya baba. Leo utatupwa na Violeth. Baba mdogo, shikamoo, hatukufukuzi, kaa na waombolezaji wengine.

Pumzika kwa amani, kaka, wewe hukumdanganya mtu.