Barua Niliyomsomea Mama

Ndugu zangu wa jumuiya, mniwie radhi nikishindwa katikati. Haya sijawahi kuyasema mbele za watu.

Wengi mnanijua kama mpishi wa uji wa chekechea. Kabla ya hapo nilipika gongo, ile pombe ya haramu. Nilikamatwa, nikafungwa mwaka mzima. Mwanangu alikuwa na miaka miwili, ameshaacha ziwa, nikamwacha kijijini Msanzi kwa mama yangu. Nikiwa ndani akashikwa na surua. Habari ilinifikia gerezani wakati ameshazikwa. Ndugu zangu, nawaambia, nililia mpaka askari wa zamu naye akageuza uso.

Nikatoka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, watu binafsi wanaanza kufungua shule, na mama mmoja hapa Sumbawanga alikuwa anatafuta mpishi wa chekechea yake. Akataka barua ya mkono, mtu aeleze miaka ya karibuni alikuwa wapi na anafanya nini. Mtihani huo! Ningeandika gereza, nani angenipa watoto niwalishe? Basi nikaandika: "Mwaka jana nilikuwa nyumbani Msanzi nikimuuguza mwanangu, ambaye kwa bahati mbaya alifariki." Nikaona nimepatia kweli kweli.

Mama yangu hajui kusoma, nikamsomea. Alikuwa anapepeta maharage. Akaweka ungo chini.

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Aliyemuuguza ni mimi," akasema. "Siku nne alikuwa anakuita. Nikawa namwambia unakuja."

Jamani! Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Nikaichana ile karatasi, nikaandika nyingine: gongo, kifungo, na kwamba mwanangu alikufa mimi sipo. Hiyo nayo nilimsomea. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maharage yake.

Yule mwenye shule aliisoma mbele yangu, mara mbili.

"Kwa nini umeniandikia yote haya?"

"Kwa sababu utaniachia watoto, mama."

Akaikunja barua. "Njoo kesho asubuhi. Nikisikia harufu ya pombe hapa, unaondoka siku hiyo hiyo."

Namshukuru yeye. Nawashukuru na ninyi mlioendelea kunisalimia njiani. Na wewe mwenye doa kama langu, andika ulikokuwa. Ukikataliwa itauma, najua, lakini usijifiche nyuma ya marehemu.

Mama yupo pale nyuma. Mama, miaka yote hii sijakwambia. Asante kwa kumuuguza mwanangu.