Marehemu Valko Drumev, Mwenyekiti wa Chama cha Kengele, Tawi la Gorno Brezhe (1951–2024)

Marehemu Valko Iskrenov Drumev alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 hapa Gorno Brezhe, mtoto wa kwanza wa Iskren Drumev, mchungaji wa kondoo, na mkewe Stamena. Theluji ilikuwa ya magotini, na mkunga aliyeletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe alifika amenuna. Mama yetu alipenda kusema kwamba Valko alizaliwa akibishana.

Alisoma shule ya hapa kijijini, ile ambayo leo madirisha yake yamepigiliwa mbao, kisha akasomea ufundi mjini Vidin hadi mwaka 1969. Baada ya jeshi aliajiriwa na shamba la ushirika kama fundi wa matrekta. Ushirika ulipovunjwa mwaka 1992, matrekta yake yaliuzwa kama vyuma chakavu. Alisimama uani mwanamume mzima, akalia, wala hakuona haya.

Tarehe 14 Septemba 1975 alifunga ndoa na Nedka, na msimamizi wao alikuwa jirani, Lozan Metodiev. Walijaliwa binti mmoja, Rumena. Mwaka 2003 Rumena alikwenda Valencia, Hispania, kupanga machungwa ghalani. Aliaga kwamba ni miaka miwili tu. Jamani, miaka miwili!

Hapo ndipo Kengele ilipomnasa. Chama hicho kilipiga kelele kuhusu wageni, Waroma, yaani Wajipsi, na wezi wa mji mkuu, Sofia, na Valko naye alipiga kelele hizo hizo, tusimpambe leo kwa kuwa amelala. Lakini kijijini kwetu hakuna mgeni aliyewahi kuja kuishi. Wenyeji ndio waliokuwa wakiondoka. Kilichomvuta ni maneno matatu kwenye bango: Watoto Warudi Nyumbani.

Uchaguzi wa mwaka 2005 Kengele ilipata kura saba hapa, na tatu zilitoka nyumbani kwetu. Valko alibandika mabango kwa uji wa unga wa ngano, na asubuhi mbuzi wa Lozan, ambaye alikuwa wa chama kingine tangu ujana, walikuwa wameyala yote.

"Bwana Valko," Lozan akamwita kutoka ng'ambo ya ua, "mbuzi wangu wamekisoma chama chako chote. Wanasema chumvi haijakolea!"

"Waambie wamepata elimu kuliko mwenye nao!" Valko akajibu, akaenda kukoroga uji mwingine. Nedka alificha unga.

Mwaka 2009 zikawa kura sitini na moja. Mwaka 2014 zikawa mia moja arobaini na tatu, Kengele ikaingia bungeni na serikalini, na Valko akachinja kondoo. Jioni ile alimpigia Rumena simu: "Mwanangu, tumeshinda. Anza kufunga mizigo." Rumena alicheka. Baba yake hakuwa anatania.

Mawaziri wa Kengele walijenga majumba ufukweni, na hakuna mtoto aliyerudi. Mwaka 2017 kura zilipungua kwa nusu. Mwaka 2021 chama kilikosa asilimia nne ya kura inayotakiwa kisheria, kikatupwa nje ya bunge. Wenzake walihamia vyama vingine. Yeye aliendelea kufungua ofisi kila Jumamosi, akiketi peke yake na jiko la kuni.

Mapafu yalianza kumsumbua majira ya baridi ya mwaka jana. Siku ya uchaguzi, tarehe 27 Oktoba 2024, aliomba sanduku la kura linalopelekwa kwa wagonjwa, na tume ya uchaguzi ikamletea kitandani. Lozan alikuwa mmoja wa tume. Kura zilipohesabiwa, Kengele haikuwa na hata moja. Kijiji kizima kiliduwaa: hata mwenyekiti?

Kulikuwa na karatasi moja iliyoharibika. Hakukuwa na alama kwenye chama chochote. Kwa kalamu mtu aliandika jina moja: Rumena. Lozan aliujua mwandiko. Alirudi nyumbani akapiga simu Valencia.

"Binti yangu, baba yako amekupigia kura wewe. Njoo."

Rumena alifika tarehe 4 Novemba. Valko alifumbua macho, akamwuliza:

"Umerudi, au umekuja kutusalimia tu?"

"Nimerudi, baba."

"Hurudi tena kule?"

"Sirudi tena, baba."

"Basi tumeshinda," akasema, akashika mkono wake. Alfajiri ya tarehe 6 Novemba alifariki dunia, mkono haujaachiwa.

Ameacha mjane, Nedka. Mimi dada yake, Tsona, ninayesoma haya. Rafiki yake Lozan, ambaye tangu juzi hajanyoa ndevu kwa kuomboleza. Mjukuu, Hugo, aliyebaki shuleni Valencia. Na binti yake, Rumena, ambaye ndege yake inaondoka Jumapili.

Kaka, udongo wa Gorno Brezhe uwe mwepesi juu yako. Pumzika.