Mguu wa Bonde, Mguu wa Barabara

Jumatano, tarehe 23 Oktoba 2024, saa tisa kasorobo, kabla ya adhana ya alasiri, jirani yetu alisikia spana ikianguka uani kwangu. Alipochungulia alimkuta mke wangu Fortunata ameketi chini, ameegemea ukuta, kama mtu anayepumzika kazini. Roho ilikuwa imekwisha kwenda zake. Mimi nilikuwa ndani ya basi, narudi kutoka Nachingwea, ambako binti yetu alijifungua na nilikaa naye wiki mbili. Nilifika magharibi, uwanja umejaa watu.

Fortunata alikuwa dereva wa trekta. Lilikuwa lake, na watu wa Mingoyo walimwita Mama Trekta, mbele yake na nyuma yake. Siku ile aliliacha na tairi la nyuma kushoto la bonde, lenye meno marefu, na la nyuma kulia la barabara, lenye meno mafupi. Matairi wenzao mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani. Nati za pande zote mbili zilikuwa zimekazwa. Nikasema mtu asiliguse mpaka arobaini.

Arobaini ni kesho, Jumapili. Keshokutwa Sixbert, dereva kutoka Rasbura, anakuja kulichukua kwa kazi, na anataka alikute tayari. Kesho ni siku ya sala, si ya kazi, kwa hiyo leo asubuhi nilikwenda kijiweni.

Kijiwe chetu ni benchi la mbao za mnazi hapa njia panda, nje ya banda la Mfaume. Mfaume anaziba matairi, kwa hiyo jina lake ni Pancha. Wa pili ni Sadick, tunamwita Redio, maana hakuna habari isiyompitia. Huyo ni mtani wangu. Siku ya maziko alilala mbele ya trekta akidai ni urithi wake, mpaka waombolezaji wakacheka. Wa tatu ni Jerome, anaitwa Bwana Shamba. Hajawahi kuwa bwana shamba. Msimu mmoja alimbebea bwana shamba mzani. Kahawa anauza Mzee Abdurahmani. Mimi naitwa Klementi, lakini pale ni Katekista, ingawa kazi yangu kigangoni ni kufagia na kupiga kengele.

Nikaketi. Mzee Abdurahmani akanimiminia kikombe bila kuuliza.

Mimi: Jamani, Jumatatu Sixbert anakuja. Nifunge matairi gani?

Pancha: Inategemea kazi, Katekista. Bondeni Kilangala kwenye mpunga, unataka meno marefu. Tope likiingia kati ya meno, tairi likizunguka linalitema pembeni. Upepo unapunguza, tairi lilale kidogo lishike ardhi. Na ndani unatia maji, upate uzito, lisiteleze.

Bwana Shamba: Maji ndani ya tairi? Si litaoza?

Pancha: Mpira hauozi. Kinacholiwa ni ringi, ukitia maji ya chumvi kama ya kisima chetu hiki. Shemeji alitia ya mvua, aliyakinga kwenye bati lake mwenyewe.

Mimi: Kweli. Pipa liko pale mpaka leo.

Pancha: Sasa barabarani mambo yanageuka. Meno mafupi, upepo umejaa vizuri, maji hakuna. Maana unavuta tela na magunia, hutaki kubeba uzito wa bure.

Bwana Shamba: Mimi ningefunga marefu kila mahali. Meno ni meno.

Pancha: Panda nayo lami uone. Utatetemeka mpaka ukifika Lindi umesahau jina la mama yako. Na hayo meno utakuwa umeyaacha njiani.

Redio: Na kwenye mikorosho, kupuliza salfa?

Pancha: Huko membamba, upite katikati bila kukanyaga mizizi. Kwenye shamba jipya lenye visiki, tafuta tairi gumu ubavuni, maana kisiki hakichomi chini, kinachoma pembeni. Lakini hayo mengine Katekista hana. Ana jozi mbili tu.

Mimi: Hayo yote marehemu alinieleza tukila. Shida yangu ni nyingine. Aliacha ahadi mbili. Wakina mama wa Kilangala aliwaahidi kuwalimia mpunga kabla ya mvua. Na mnunuzi wa korosho hapa Mingoyo alimwahidi kumsombea magunia mpaka ghalani. Wote wamekuja kwenye msiba, wote wamenikumbusha kwa upole. Nami nataka kumalizia kazi aliyoianza, vile alivyokusudia yeye. Sasa naangalia trekta, naona mguu mmoja wa bonde, mguu mmoja wa barabara. Alikusudia nini?

 Bwana Shamba akasogea mbele kwenye benchi, na hapo nilijua tumepotea.

Bwana Shamba: Katekista, jambo hili ni la kitaalamu. Trekta likilima, tairi la kulia linatembea ndani ya mfereji uliolimwa, la kushoto linatembea juu. Si ndiyo?

Pancha: Hapo umesema kweli, sijui umeipata wapi.

Bwana Shamba: Basi! Kazi mbili, matairi mawili. Shemeji alipima kila mguu akaupa kiatu chake. Usiguse kitu. Peleka hivyo hivyo.

Pancha: Hivyo hivyo difu, ile gia ya katikati ya magurudumu ya nyuma, inakufa kabla ya kufika daraja la kwanza. Tairi moja kubwa, jingine dogo, huku linazunguka taratibu, kule linakimbia. Na ule wa mfereji ndio mguu ulioinama, wewe unaupa kiatu kifupi uiname zaidi?

Redio: Ngoja, ngoja. Mnaongea vitu vya zamani. Uchina sasa wanafanya makusudi. Nimesikia. Tairi moja dogo, jingine kubwa, unaliwasha, unashuka, unakwenda kulala. Linazunguka lenyewe. Linaanza pembeni mpaka linamalizia katikati.

Bwana Shamba: Na shamba likiwa la pembe nne?

Redio: Uchina mashamba ni ya mviringo.

Pancha: Nani kakuambia?

Redio: We umefika Uchina?

Pancha: Sijafika.

Redio: Basi kaa kimya, unaharibu habari.

Mzee Abdurahmani: Mimi si fundi. Lakini mnasahau njia ya kwenda Kilangala. Ukiwa mtu wa haraka, mguu mmoja unaupitisha kwenye lami, mmoja unaupitisha pembeni kwenye tope. Kila mguu na mahali pake. Mama yule alikuwa mtu wa haraka.

Pancha: Na kurudi je, mzee? Kurudi lami iko upande mwingine.

Mzee Abdurahmani: Kurudi atarudi kinyumenyume.

Hapo hata mimi nilicheka. Tangu Oktoba sikuwa nimecheka hadharani, nikaangalia chini.

Redio: Mtani amecheka! Sasa sikieni ukweli wenyewe. Mama Trekta aliogopa wezi. Mtani wangu huyu yuko Nachingwea anabembeleza wajukuu, nyumba haina mwanamume. Akafunga tairi hili na lile. Mwizi akija usiku akiliwasha, linazunguka uani mpaka asubuhi, watu wanaamka wanamkuta bado yumo, anaomba ashushwe.

Bwana Shamba: Au mtu alimchanganya akili. Wapo watu hawapendi mwanamke apande trekta.

Mimi: Hilo tuache, Jerome. Daktari alisema ni presha. Alikuwa nayo, na dawa alikuwa anameza akikumbuka.

Bwana Shamba: Nisamehe, Katekista.

Mimi: Hujakosa. Tuendelee na matairi.

Wakaendelea. Pancha alichukua kijiti akachora mishale ya meno ya tairi chini, akaeleza kwamba ukisimama nyuma ya trekta ncha ya mshale lazima itazame juu, ukikosea tope halitoki. Bwana Shamba akasema itazame chini, kwa sababu mazao yanatoka chini. Wakabishana kwa mshale huo mpaka kahawa ikapoa vikombeni.

Wakati huo mama mmoja alikuwa ameweka ndoo yake ya samaki pembeni ya benchi. Simfahamu. Baadaye alisema anaitwa Saida, na alikuwa anasubiri gari la kwenda Nyangao. Alitusalimu, sisi watu wazima akatupa shikamoo, akanunua kikombe kimoja, akanywa amesimama. Nadhani alisikia sehemu kubwa ya ule ubishi.

Saida: Samahanini, baba zangu. Mimi ni mpita njia. Huyo mama aliyefariki, siku hiyo alikuwa anakwenda wapi?

Pancha: Vipi?

Saida: Nasema, alikuwa anatoa la bonde anaweka la barabara, au alikuwa anatoa la barabara anaweka la bonde? Maana kazi mmesema ilikuwa imefika katikati. Alikuwa anakwenda wapi?

Kijiti kikasimama mkononi mwa Pancha. Hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo, hata mimi. Arobaini nzima nimelizunguka trekta lile kila nikitoka kusali asubuhi, nikaangalia matairi, sikuuliza hilo.

Redio: Hilo rahisi. Jumatatu ya wiki ile alipita hapa hapa na tela la magunia. Matairi ya barabara, niliyaona kwa macho yangu. Kwa hiyo Jumatano alikuwa anaweka ya bonde.

Bwana Shamba: Na mimi Jumanne nilimkuta Kilangala anavunja ardhi kavu, meno marefu kama vidole vyangu. Kwa hiyo Jumatano alikuwa anaweka ya barabara.

Redio: Jumanne ipi?

Bwana Shamba: Jumanne hiyo hiyo.

Redio: Au ya wiki ya nyuma yake?

Bwana Shamba akaanza kuhesabu siku kwa vidole. 

Pancha: Shemeji alibadilisha matairi kama watu wanavyobadilisha kanga. Asubuhi haya, jioni yale. Na mimi hakuniita. Mambo ya jeki alifanya mwenyewe.

Saida: Na maji? Tairi lile la bonde lina maji?

Mimi: Lina maji. Nililigonga.

Pancha: Haisaidii, dada. Kama alikuwa anafunga, amelifunga akalijaza. Kama alikuwa anafungua, bado hajalifikia kulimwaga. Vyovyote vile lina maji.

Saida akanigeukia. Nadhani alikuwa ameshatambua mwenye msiba ni nani.

Saida: Baba, wewe hakukuambia kwenye simu?

Mimi: Tuliongea Jumanne usiku. Aliniuliza mtoto anafanana na nani. Nikamwambia anafanana na yeye. Akacheka, akasema basi atakuwa mbishi. Habari za kazi hatukuongea.

Saida: Basi unisamehe.

Mimi: Hujakosa, mwanangu. Umeuliza vizuri.

Mzee Abdurahmani akainua birika lizunguke tena, likatoa matone mawili na machicha. Akalirudisha juu ya jiko. Aliyeanza kusema alikuwa mtani wangu, na ndiyo kazi ya mtani.

Redio: Alikuwa anakukimbia wewe na kengele yako, Katekista. Alisikia unarudi.

Wakaniangalia kama nitakasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nafikiria lile neno, alikuwa anakwenda wapi. Mimi ni mtu wa kanisani, na nikiulizwa hivyo kuhusu marehemu nina jibu, nimelisikia likisomwa mbele ya majeneza ya watu wengi. Lakini kuhusu saa tisa kasorobo ya Jumatano ile, baina ya Kilangala na ghala la korosho, sina jibu, na hakuna wa kunipa. Nilikuwa nasubiri anielekeze. Hatanielekeza.

Nikamaliza kikombe changu.

Mimi: Korosho ziko ndani ya magunia, chini ya bati. Zikikaa wiki mbili zaidi hazidhuriki. Wale mama wa bondeni, mvua ikiwakuta hawajalima, mwaka huu hawana mpunga. Tufunge la bonde.

Pancha: Kwa hiyo umeamua kwamba shemeji alikuwa anakwenda bondeni.

Mimi: Yeye sijui. Sisi tunakwenda bondeni.

Pancha alisimama, akaingia bandani, akatoka na jeki na pampu. Gari la Nyangao likaja. Saida akapanda na ndoo yake, akanipungia mkono kama tunafahamiana siku nyingi. Sisi wengine tukaondoka pamoja kwenda kwangu, Bwana Shamba amebeba bomba la kutilia maji, Redio hajabeba kitu, Mzee Abdurahmani nyuma yetu.

Kazi ilikuwa ya kawaida. Tukainua upande wa kulia, tukatoa tairi la barabara, tukaviringisha la bonde kutoka ukutani, watu wanne, linaelemea upande huu na ule. Pancha akasimama nyuma akahakikisha ncha za mishale zinatazama juu, Bwana Shamba akatazama pembeni. Kisha tukaingiza maji ya mvua kutoka kwenye pipa la Fortunata. Mvua ile ilinyesha akiwa hai. Yeye ndiye aliyeweka kitambaa juu ya pipa wadudu wasiingie, na fundo la kitambaa lilikuwa bado ni lake. Nilitaka kulihifadhi lile fundo. Halikuhifadhika, maji yalihitajika. Nikalifungua taratibu.

Pancha alikaza nati zote, akabakiza moja. Akanipa spana, ile iliyoanguka. Nikaikaza mimi.

Tulipomaliza, Mzee Abdurahmani na Mfaume na Sadick walinyanyua viganja vyao, Jerome akavua kofia, nami nikasali kwa sauti, kwa kuwa uwanja ulikuwa wangu.

Ee Mungu Baba, mtumishi wako Fortunata aliacha kazi katikati. Sisi hatujui siku ile alikuwa anaelekea wapi. Wewe unajua, maana ulikutana naye njiani. Nusu aliyoifanya uihesabu kuwa nzima. Pale alipochelewa, pale aliposahau, pale aliponichokoza na pale nilipomjibu vibaya, usimwulize sana. Amechoka, mpumzishe. Mwanga wako umwakie huko, asitafute njia kwa kupapasa. Na sisi tuliobaki na spana yake mkononi, utupe nguvu ya kukaza. Amina.

Wakaitikia wote, Amin na Amina.