Soko la Mboga Katikati ya Mzunguko

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye bado unazunguka na gari ukitafuta pa kusimama. Ndugu Afisa Mipango Miji, uliyelichora soko hili tunalolifungua. Majirani zangu mliosimama kando ya barabara kwa kuwa kuvuka kumewashinda. Na wewe mume wangu, uliyejificha nyuma ya muuza chipsi ukidhani sikuoni: nawasalimu nyote.

Mimi sikusoma, lakini Afisa alinieleza vizuri kwa nini mboga zimewekwa katikati ya mzunguko wa magari. "Bibi, tumepima kutoka kila nyumba. Pale ni karibu na kila mtu, sawasawa."

Nikamuuliza, "Na kuvuka je, mjukuu wangu?"

"Kuvuka ni idara nyingine, Bibi."

Sasa nawauliza, wenzangu: kitu ambacho kila mtu anakiona sawasawa na hakuna anayekifikia, huo si ndio mwezi?

Simchukii. Alitaka mtaa wetu ule majani badala ya mafuta, na amekonda kwa kutuhangaikia. Tukitoka hapa aje kwangu ale. Lakini majani tulikuwa nayo. Mama Mchicha alikuwa na benchi lake la mboga mlangoni pangu, na huyu mzee wangu mwenye kisukari hakupita bila kuitwa mbele za watu: "Shemeji, mbona unaninyatia kama paka? Chukua fungu lako." Akachukua kwa aibu, akala kwa aibu, na sukari nayo ikashuka kwa aibu.

Benchi likaondolewa kwa ajili ya afya zetu. Mama Mchicha yuko pale katikati tangu alfajiri, anatupungia kitambaa, mboga zimemnyaukia. Muuza chipsi hakuguswa, maana mchoroni hayumo. Amebaki mlangoni pangu na karai lake, na mzee amebaki naye. Sasa kidonda cha mguuni hakikauki, na daktari ameshatamka neno kukata.

Mchoro ni karatasi, Afisa, unafutika. Mguu wa mtu ukishakatwa, unachorwa upya na nani?

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukipita tena hapa, teremsha kioo unipe huo mkasi wa kukatia utepe. Tutamvusha Mama Mchicha kwa kushikana mikono, benchi litarudi mlangoni, na utepe tutaukatia pale. Leo kikikatwa kitu, kiwe utepe.

Wenzangu, asanteni kwa kunisikiliza. Nawe Mheshimiwa, uliyenisikia vipande vipande, usijali: kila ukizunguka nitaanza upya.